UZI: Kabla hujaandika r kwenye utafiti wako wa saikolojia, chora nukta kwanza (yaliyonikuta Kibirizi)

Mtoto wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamoni.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu ila jana kuna mdogo wangu wa chuo kanitumia sura ya nne ya utafiti wake nimpitishie macho, nikakuta kosa lile lile nililolifanya mimi, nikasema hapana leo lazima nikae niandike. Ni kuhusu kupima uhusiano wa vitu viwili kwenye utafiti wa saikolojia, ile namba ya r ambayo kompyuta inakutolea na nyota mbili pembeni (alama kwamba matokeo hayaonekani kuwa ya bahati tu) halafu unaandika "kuna uhusiano mkubwa" au "hakuna uhusiano" unasonga mbele. Mimi niliandika hakuna. Na ulikuwepo.

Niko Kigoma mjini, nimekulia Kibirizi, mama yangu ameanika dagaa miaka yote ninayoikumbuka, kwa hiyo nilipotakiwa kuchagua mada sikuhangaika, nikachagua usingizi na sonona kwa wavuvi wa dagaa. Vigeu viwili tu. Kimoja masaa anayolala mtu kwa siku, kingine alama za lile dodoso la kupima sonona lenye maswali 9, PHQ-9, kila swali lina jibu la 0 mpaka 3 kwa hiyo jumla inaanzia 0 inaishia 27. Nilitegemea kabisa kwamba anayelala kidogo atakuwa na alama kubwa. Nikazunguka mwaloni na fomu zangu karibu mwezi mzima, nikaingiza data, nikabonyeza, ikaja namba iliyokaa karibu na sifuri. Supavaiza akasema basi andika hakuna uhusiano. Nikaandika.

Nitaeleza kilichotokea baadae ila kwanza tuelewane hiyo r ni kitu gani, maana bila hivyo stori haitaeleweka.

Dagaa_Mawese

Naweka kambi hapa mkuu, nina propozo ya kupeleka wiki ijayo.

Mtoto wa Kibirizi

Twende. Wazo lenyewe ni la Mwingereza Francis Galton, mwaka 1888 alikuwa anapima miili ya watu, urefu wa mtu na urefu wa mkono wake toka kiwiko, akataka namba moja itakayosema hivi vitu viwili vinaendana kiasi gani. Karl Pearson akaja kuiwekea fomula ambayo ndo tunaitumia mpaka leo. Inaenda kuanzia -1 hadi +1. Chanya maana yake kimoja kikipanda na kingine kinapanda, hasi maana yake kimoja kikipanda kingine kinashuka, sifuri maana yake HAKUNA MSTARI ULIONYOOKA. Hayo maneno matatu nimeyaandika kwa herufi kubwa makusudi, sifuri haisemi hakuna uhusiano, inasema tu ukichora nukta zako hazifuati mstari ulionyooka.

Sasa chukueni kalamu. Namba hizi nimezitunga ili tuhesabu wote, sio za utafiti wangu. Watu sita, masaa ya kulala halafu alama za sonona:

4 na 19
5 na 15
6 na 16
7 na 9
8 na 10
9 na 4

Ukichora utaona nukta zinashuka toka kushoto juu kuja kulia chini kama watu wanateremka toka Mwanga kwenda stesheni hapa Kigoma. Piga r yake unapata -0.94. Safi kabisa.

Ongeza mtu wa saba. Huyu analala masaa 14 kwa siku na alama zake ni 20. Watu wa namna hii wapo, sonona nyingine inamfanya mtu alale kutwa nzima asitake hata kufungua dirisha. Piga tena r kwa watu saba.

Unapata 0.02.

Mtu MMOJA kaingia, uhusiano wa -0.94 umegeuka sifuri. Ukiangalia namba peke yake utaandika hakuna kitu. Ukichora utaona watu sita kwenye mteremko na nukta moja pweke kule juu kulia, na utajiuliza huyu ni nani, nimekosea kuandika au kuna kitu anatuambia.

Na sio mimi niliyegundua hili. Mtaalamu wa takwimu F. J. Anscombe mwaka 1973 alitengeneza seti nne za data, kila moja nukta 11, wastani sawa, r zote 0.816. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida lenye mstari, ya pili imepinda kama upinde, ya tatu mstari umenyooka vizuri ila nukta moja imetoroka, ya nne nukta zote zimesimama juu ya namba moja na moja tu iko mbali ndo inayobeba uhusiano wote. r ile ile, hadithi nne tofauti.

Binti_Ujiji

Kaka samahani, sisi chuo tulifundishwa kama data zina mtu wa pembeni hivyo tunaachana na Pearson tunatumia Spearman. Si ingekuokoa?

Mtoto wa Kibirizi

Swali zuri dada yangu. Charles Spearman alikuwa mwanasaikolojia kabisa, mwaka 1904 ndo alileta njia yake, haangalii namba zenyewe anaangalia nafasi, nani wa kwanza nani wa pili, kama matokeo ya darasani. Wale sita tukiwapanga kwa usingizi ni 1,2,3,4,5,6 na kwa sonona kuanzia mwenye alama ndogo ni 6,4,5,2,3,1. Toa nafasi kwa nafasi, tofauti zake ni 5,2,2,2,2,5, zipandishe kipeo cha pili ujumlishe zinakuja 66. Zidisha kwa 6, gawa kwa 210, hiyo 210 ni 6 mara 35, yaani idadi ya watu mara kipeo chake cha pili kasoro moja, kisha toa kwenye 1. Unapata -0.89.

Ongeza sasa yule wa saba. Yeye ni wa 7 kwa usingizi na wa 7 kwa sonona, tofauti yake sifuri, jumla inabaki 66 lakini unagawa kwa 336. Inakuja -0.18.

Kwa hiyo ni kweli Spearman hakuangushwa mpaka sifuri kama Pearson, ila toka -0.89 kushuka -0.18 sio kuokoka. Watu wakiwa wachache hata nafasi zinayumba. Spearman mtumie pale majibu yako ni ya kupanga nafasi, mfano "sikubali kabisa, sikubali, nakubali", au nukta zinapanda muda wote ila kwa kupinda. Kuna na Kendall wa 1938 nae anahesabu jozi za watu, anafaa sana watu wakiwa wachache na wengi wamefungana alama. Ila hakuna hata mmoja kati yao anayekuondolea kazi ya kutazama picha.

Mwl_Isevya

Mwangaluka wakuu, niko Tabora. Naomba niongeze kitu maana nimefundisha hili somo miaka kadhaa na linaniuma.

Wanafunzi wanasahau kuuliza data imetoka kwa akina nani. Kuna mwaka kijana alipima uhusiano wa mtihani wa akili na matokeo ya kidato cha sita kwenye shule moja inayochukua wanafunzi waliochaguliwa kwa ufaulu tu, akapata r ndogo sana akaandika akili haina uhusiano na ufaulu. Nikamwambia mwanangu, hao watoto wote umewakuta juu ya dari, wale wa chini na wa kati walishachujwa mlangoni, unategemea nukta zako zitanyoosha mstari wapi? Ukikata wigo wa watu, r inashuka yenyewe hata kama uhusiano upo. Ni sawa na kwenda kupima kama urefu unasaidia kuchuma maembe halafu unapima watu wa futi sita tupu.

La pili ni mpindo. Mwaka 1908 Yerkes na Dodson walifanya majaribio na panya wadogo, pale kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko wa kati ndo uliowafanya wajifunze haraka, ukiwa mdogo mno au mkali mno walichelewa. Wanasaikolojia wakaja kulipeleka wazo hilo kwa binadamu, wasiwasi kidogo kabla ya mtihani unakuamsha, ukizidi unakuharibia. Data ya namna hiyo ukiipigia Pearson inakupa kitu karibu na sifuri na uhusiano uko mbele ya macho yako umejikunja kama upinde.

Dagaa_Mawese

Mwalimu shikamoo. Na hii ya kusema uhusiano "mkubwa" au "mdogo" tunaipata wapi? Maana mi naona kila mtu ana viwango vyake.

Mwl_Isevya

Marahaba. Wengi tunafuata Jacob Cohen, kitabu chake cha 1988, 0.10 ndogo, 0.30 ya kati, 0.50 kubwa. Yeye mwenyewe aliziweka kama msaada kwa mtu asiye na pa kuanzia, sio sheria. Kwenye saikolojia kitu cha 0.30 sio cha kudharau, binadamu ana mambo mengi kichwani. Ila ukipandisha 0.30 kipeo cha pili unapata 0.09, maana yake kigeu kimoja kinaenda pamoja na asilimia 9 ya tofauti za kingine, asilimia 91 iko kwingine.

Mtoto wa Kibirizi

Asante sana mwalimu. Sasa nirudi kwenye stori.

Kazi nilishaikabidhi, nikapita. Kama miezi miwili hivi mbele niko mwaloni nimempelekea mama maji, nikakutana na mzee mmoja aliyenijazia fomu. Nikamsimulia matokeo, nikamwambia mzee wangu nimegundua kulala na kutolala hakuhusiani na mawazo. Akanitazama akaniambia, "Mwanangu, siku ile umenikuta mwezi uko juu. Nimelala mpaka mgongo unauma na mfukoni sina hata mia. Ungekuja giza likiingia ungeandika mengine."

Wakuu nilisimama pale kama nimemwagiwa maji.

Kwa wasiojua huku kwetu, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Taa inavuta dagaa pale ambapo kuna giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa yako, kwa hiyo siku zile wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala. Giza likirudi hakuna kulala, mtu anaingia ziwani jioni anatoka alfajiri, mchana anapata masaa matatu manne basi. Ila giza ndo lina hela. Mimi nimezaliwa hapo, najua kabisa kwamba mbalamwezi ikiingia nyumbani tunakula kwa mkopo, na sikuiweka kwenye utafiti. Fomu yangu haikuwa hata na sehemu ya kuandika tarehe.

Kilichonisaidia ni kwamba kila jioni nilikuwa napiga picha fomu zote kwa kuogopa mvua, na simu inahifadhi tarehe. Nikakaa usiku mzima, nikatafuta mwezi uliandama lini, nikagawa watu wangu mafungu mawili, wa giza na wa mbalamwezi, nikachora nukta kwa rangi mbili.

Picha ikajisema yenyewe. Fungu la giza limekaa kushoto, wanalala kidogo, na alama zao za sonona kwa ujumla ziko chini kwa sababu hela inaingia. Fungu la mbalamwezi limekaa kulia, wanalala sana, na alama ziko juu kwa sababu madeni. Ila NDANI ya kila fungu mteremko upo, anayelala kidogo kuliko wenzake ana alama kubwa. Mawingu mawili yote yanashuka, ila la kulia limekaa juu kuliko la kushoto, ukiyachanganya yanafutana na kompyuta inakuandikia sifuri. Wataalamu wanakiita kitendawili cha Simpson, kutokana na Edward Simpson aliyeandika juu yake mwaka 1951. Mimi kila nikikumbuka naona ile sura ya yule mzee.

Nesi wa Katonga

Mdogo wangu umenigusa, mimi hilo dodoso nalitumia kazini. Naomba nikuulize kwa upendo tu, swali la tatu la hilo dodoso linauliza nini?

Mtoto wa Kibirizi

Dada... linauliza usingizi. Kushindwa kulala au kulala kupita kiasi.

Nesi wa Katonga

Haya. Kwa hiyo upande mmoja umeweka masaa ya usingizi na upande wa pili umeweka alama ambazo ndani yake kuna usingizi tena. Sehemu ya uhusiano wako ni usingizi unajipima na usingizi. Toa swali la tatu, jumlisha manane yaliyobaki, upige upya. Na kitu kingine, linauliza wiki MBILI zilizopita, mwezi mzima unazunguka siku 29 na nusu, kwa hiyo uliyemkuta giza linaanza anakujibu mambo ya mbalamwezi.

La mwisho ni lugha. Swali la kwanza linahusu kukosa hamu ya kufanya mambo. Nimeshawahi kumuuliza mama mmoja "umekosa hamu?" akaniinamia sikioni akanong'ona, "Hamu ipi mwanangu, ya chakula au ya mume?" Ikabidi nianze upya kumwelezea, nikamuuliza je zile kazi zako na mazungumzo ya jioni na majirani bado unayafurahia, hapo ndo akafunguka, na alikuwa na mengi. Sasa kama watu 20 wameelewa hamu ya chakula na 20 hamu nyingine, hizo alama zako ni za kitu gani?

Mwl_Isevya

Nesi amegusa kitu kizito. Kipimo kikiyumba r inapungua, na hili Spearman alilionyesha ile ile 1904. Tuseme uhusiano wa kweli ni 0.50. Kipimo chako cha kwanza kina uthabiti (yaani kinavyotoa jibu lile lile ukirudia, 1 ndo kamili) wa 0.70, cha pili 0.60. Zidisha hizo mbili upate 0.42, tafuta kipeuo chake cha pili ni kama 0.65, zidisha kwa 0.50. Utakachokiona kwenye karatasi ni 0.32 hivi. Sehemu kubwa ya uhusiano imepotelea kwenye maswali mabovu, na hakuna kompyuta itakayokuambia.

Kijana wa Bangwe

Mbona mnaongea r tu, p je, ile namba inayoangalia kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu? Mi nilijua ikiwa chini ya 0.05 mchezo umeisha.

Mtoto wa Kibirizi

Haujaisha kaka. p inategemea sana idadi. Ukiwa na watu 30, ili upate nyota (p chini ya 0.05) unahitaji r ifike kama 0.36. Ukiwa na watu 1000 hata 0.07 inapata nyota, na 0.07 ukiipandisha kipeo cha pili haifiki hata nusu asilimia. Ndo maana napenda watu waandike masafa badala ya nyota. Mfano umepata 0.30 kwa watu 30, kwa uhakika wa asilimia 95 r ya kweli inaweza kuwa popote toka -0.07 hadi 0.60, yaani huna jibu bado. 0.30 hiyo hiyo kwa watu 250 inabana, toka 0.18 hadi 0.41. Hapo unaweza kuongea mbele za watu.

Kijana wa Bangwe

Nimekupata. Kwa hiyo ukirekebisha yote hayo unaruhusiwa kusema kutolala kunaleta sonona?

Nesi wa Katonga

Hapana baba. Sonona yenyewe inaondoa usingizi, naiona kila wiki. Na deni linaondoa usingizi na kuleta sonona kwa pamoja. r ni ile ile ukiigeuza, usingizi na sonona au sonona na usingizi, haijui nani kamuanza mwenzake. Kama unataka kujua, mfuate mtu yule yule giza na mbalamwezi, miezi kadhaa.

Mtoto wa Kibirizi

Hilo ndo nataka nifanye safari hii, watu wachache kuliko mwanzo ila kila mmoja nimrudie. Fomu mpya nimeshaichapa, mstari wa juu kabisa ni tarehe, wa pili mwezi uko hali gani, wa tatu jana uliingia ziwani au hukuingia. Swali la usingizi nitalihesabu peke yake kama nesi alivyosema. Na lile la hamu dada naomba unisaidie kuliandika, nije Katonga Jumamosi?

Nesi wa Katonga

Njoo saa kumi jioni, nikitoka zamu. Uje na fomu za zamani pia tuone watu waliacha wazi wapi.

Binti_Ujiji

Kaka mimi nimeacha kupika nikaenda kufungua data zangu. Nilipima upweke na muda wa kutumia simu kwa wanafunzi wa kike, r ilikuja 0.41 na nyota mbili, nilifurahi sana. Nimechora sasa hivi. Kuna nukta tatu ziko mbali kabisa, masaa 20, 21 na 22 ya simu kwa siku na upweke wa juu kabisa. Nimeangalia fomu zao, mwandiko ni mmoja. Nikizitoa hao wengine wametawanyika tu kama mchele uliomwagika.

Mtoto wa Kibirizi

Pole dada. Usizifute kimya kimya. Piga r zote mbili, zenye hao watatu na zisizo na hao, andika zote, eleza na mwandiko. Ulikabidhi tayari?

Binti_Ujiji

Bado, Jumatatu. Naandika sasa hivi, wali umeshaungua.